Ile episodi ya vita ya Winterfell, nimeirudia na bado kuna kitu kimenikwama

Mlinzi wa Ukuta
Wakuu habari za muda huu. Ambao hamjaimaliza ile tamthilia ya Game of Thrones uzi huu upiteni kwanza maana nitataja kila kitu.

Nimeirudia yote tangu sizoni ya kwanza, imenichukua kama mwezi na nusu hivi nikitoka kazini, na juzi nikafika tena pale sizoni ya 8 episodi ya 3, The Long Night, vita ya kwenye ngome ya akina Stark, Winterfell, dhidi ya jeshi la wafu. Mwaka 2019 iliniacha vibaya sana nikajua labda ni usingizi, maana Marekani ilikuwa inaruka Jumapili usiku kwahiyo huku kwetu ni Jumatatu saa 10 alfajiri, tuliamka mimi na kaka yangu na jirani mmoja, chai ipo kwenye chupa, hakuna hata mtu anayetaka kuongea, tumeisubiri hii vita karibu miezi 20 tangu Ukuta wa barafu uliowazuia wafu uvunjwe mwisho wa sizoni ya 7, alafu dakika 82 zote ni kuulizana tu, huyo nani, aliyeanguka ni Brienne au Jaime, joka hilo la nani. Kaka yangu alifika mahali akanyanyuka akaenda kufuta kioo cha tv kwa kitambaa akidhani kina vumbi.

Sasa nimerudia kwa utulivu na nina mambo mawili.

La kwanza hilo giza. Kuna sehemu giza nimelikubali kabisa, pale yule mchawi Melisandre anawawashia Dothraki, wale wapanda farasi wa Daenerys, mapanga yao moto, wanaondoka mbio kwenda gizani, wewe umebaki na akina Brienne nyuma unaona zile taa zinaenda mbali, alafu zinaanza kuzimika moja moja mpaka inabaki kimya. Adui hujamuona hata mmoja na tayari mwili umekufa ganzi. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Ila kule juu majoka yanapokutana kwenye tufani ya theluji mimi sikuona kitu, na sehemu za uani watu wanakufa sijui ni akina nani.

La pili ndo linaloniuma. Night King, yule kiongozi wa jeshi la wafu, kufa vile. Hii hadithi haikuanza na kile kiti cha enzi jamani, rudini 2011 dakika za kwanza kabisa za episodi ya kwanza, walinzi watatu wanatoka nje ya Ukuta wanakuta maiti zimekatwakatwa zimepangwa kwenye theluji na White Walker, yaani kiumbe wa barafu, anatokea, hapo hata Ned Stark hatujamuona. Kwahiyo kitu cha kwanza tulichoambiwa ni kwamba hawa wanakuja. Alafu ile episodi ya Hardhome 2015, Jon Snow yuko kwenye boti anaondoka, yule jamaa anainua mikono taratibu na wote waliokufa wanafungua macho ya bluu, hakuna muziki, ni upepo tu. Miaka minane tunatishwa na huyu mtu na anaisha usiku mmoja, Arya Stark anatokea hewani, kisu, barafu inapasuka, kwisha. Na episodi tatu bado zipo mbele. Jon ambaye sizoni nzima nzima amezunguka anawabembeleza watu waamini hiki kitu, hata hakumgusa.

Je tatizo ni Arya? Maana nikijaribu kusema tatizo ni Arya nafsi inakataa, ila nikisema hakuna tatizo inakataa pia. Nisaidieni.

NyotaYaAlfajiri
Kaka Mlinzi pole, ila mimi kwa Arya nitasimama mpaka mwisho.

Tuanze na kile kisu. Sizoni ya 1 Bran, mdogo wake Arya, yuko kitandani hajitambui, anatumwa mtu kuja kumuua, kisu alichokuja nacho ni hicho hicho, mama yake anaushika ule makali kwa mikono mitupu mpaka mbwa mwitu anamuokoa. Kisu kikazunguka, kikasababisha vita nzima ya Stark na Lannister, kikarudi kwa yule mtu wa fitina Littlefinger, Littlefinger sizoni ya 7 anampa Bran mwenyewe, Bran anampa Arya. Na wanakabidhiana wapi? Chini ya ule ule mti mweupe wenye uso hapo Winterfell. Kwenye episodi hiyo hiyo Arya anafanya mazoezi na Brienne uani, anaachia kisu mkono mmoja anakidaka na mwingine. Sasa rudi kwenye The Long Night, Night King amemkaba shingo kwa mkono mmoja na mwingine ameshika mkono wake wenye kisu, dada anafanya nini? Anaachia, anadaka kwa mkono wa chini, anachoma. Kisu kilicholetwa kumuua Bran ndo kilichomuokoa Bran. Hicho kitu hakijatoka hewani kaka, kilikuwa kinatembea kuja hapo tangu 2011.

Na Arya kutembea bila kusikika ndo kitu pekee alichofundishwa maisha yake yote, tangu mwalimu wake wa upanga Syrio anamkimbiza akamate paka King's Landing mpaka Braavos alipofanywa kipofu anapigwa fimbo ajifunze kusikiliza. Angekuja Jon na upanga wake na kelele zake angekufa, na kweli alijaribu, alimkimbilia pale nje, jamaa akainua tu mikono maiti zote zikaamka katikati yao. Jon alishindwa kwa sababu Night King anamuona. Arya haonekani. Mimi nililia kwa furaha, nilipiga kelele mama akaja kugonga mlango.

fundi_luninga
Ngoja nijibu la giza maana kazi yangu ni hizi luninga na episodi hii nimeitumia sana kuwaonesha watu.

Giza ni la makusudi. Mpiga picha mkuu Fabian Wagner alipolalamikiwa alisema wazi kwamba walitaka iwe hivyo na kwamba watu wengi tv zao hazijapangwa vizuri, akataja pia picha kubanwa wakati wa kurushwa. Watu walimkasirikia ila kwa upande wa ufundi ana hoja, japo mimi siwezi kumlaumu mtazamaji hata kidogo, mtu amenunua tv yake ameiwasha amekaa.

Iko hivi. Picha yoyote inayokuja kwa king'amuzi au intaneti inabanwa, na mitambo inayobana huwa inaanza kutupa sehemu za giza kwa sababu jicho la mtu halizitazami sana. Kwenye muvi ya kawaida hupotezi kitu. Sasa hii imepigwa usiku, walikaa usiku 55 kule nje Ireland Kaskazini kwenye baridi kupiga hizi sehemu za ngome, na kila kitu muhimu kimewekwa humo humo kwenye giza. Mtambo ukitupa giza umetupa episodi. Ndo unaona yale maboksi boksi na michirizi angani badala ya wingu. Wale waliopata kopi ya mb 300 kwenye flashi hao ndo walisikiliza redio kabisa.

Fanya hivi mkuu. Nenda kwenye mipangilio ya picha, zima kile cha kuokoa umeme, kile kinashusha mwanga chenyewe picha ikiwa na giza, huyo ndo adui namba moja. Weka modi ya sinema, zima ile ya kulainisha mwendo. Watu wengi wanakimbilia kupandisha brightness, usifanye, nyeusi inageuka kijivu na huoni kitu, pandisha backlight. Alafu zima taa zote za chumbani na dirisha lisiwe na mwanga, taa moja tu ya nyuma yako ikipiga kwenye kioo imeshaharibu. Tafuta kopi kubwa, hata kama itakula bando. Ukishafanya hayo njoo uniambie kama hukuona majoka.

KijanaWaEastlands
Mimi hapa Nairobi naskia nyinyi wote mnaongea kuhusu giza na kisu na hakuna mtu ameuliza hiyo mpango ya vita ilipangwa na nani. Yaani uko na ngome, uko na ukuta, uko na mtaro umechimbwa umejazwa miti ya kuchoma, alafu unatoa watu wako wote unawapanga NJE ya hizo vitu zote? Ile mitambo ya kurusha mawe ya moto iko mbele kabisa, imerusha mara ngapi kabla wafu wafike, na wapanda farasi wako wote umewatuma kwa giza hujui adui ako wapi wala ni wangapi, na uko na majoka mawili yamekaa juu ya mlima yanatazama.

Najua plan ilikuwa Jon na Dany (Daenerys) wangoje Night King ajitokeze kwa Bran, hiyo sawa, ni akili. Lakini hizo dakika za kwanza zimenikata maini kwa sababu hao Dothraki tuliwatoa mbali, tumetembea na wao tangu sizoni ya kwanza, walivuka bahari ambayo kabila lao lote linaogopa, wamekufa kwa dakika mbili juu director anataka taa zizimike vizuri. Mlinzi amesema hiyo ndio scene poa zaidi na nakubali inatisha, lakini mimi nikiiona naskia uchungu ya watu, sio raha ya picha.

Na makaburini jamani. Adui wenu anafufua maiti. Wanawake na watoto mnawaficha wapi? Kwa makaburi. Watu kama Tyrion na Varys wako kwa hiyo meza ya mipango na hakuna hata mmoja amesema ngoja kidogo.

Mama Wawili
Naomba na mimi niseme la Theon maana mkigombana kuhusu Night King mnampita.

Mimi huyu kijana nilimchukia kwa moyo wangu wote sizoni ya 2. Amelelewa na Ned kama mtoto wa nyumba, alafu anarudi anaiteka nyumba ile ile, anashindwa kuwapata Bran na Rickon anawachoma watoto wawili wa shambani anawatundika awadanganye watu. Nina watoto wawili wa kiume, ile picha sikuisahau. Nikasema huyu hata wakimfanya nini sitamhurumia. Alafu wakamfanya yale waliyomfanya kwa yule katili Ramsay, sizoni ya 3 nzima, mpaka nikawa naruka zile sehemu.

Sasa usiku wa vita amejitolea mwenyewe kumlinda Bran. Mtoto yule yule aliyetangaza kwamba amemuua. Amesimama mbele yake na mishale, anatupa mpaka imeisha, wenzake wote wamelala chini, na Bran anamwambia ni mtu mwema, na anamshukuru. Angalieni uso wake pale. Anajua akigeuka anakufa, anapumua, anachukua mkuki anakimbia peke yake kuelekea kwa Night King, hata hamfikii vizuri, mkuki unavunjwa anachomwa nao. Amekufia kwenye nyumba aliyoisaliti, kwa ajili ya mtu aliyemkosea. Mimi kwangu episodi ilikuwa hiyo. Nililia mpaka mwanangu mkubwa akaniletea maji.

Na wale Mormont wawili, Jorah na yule binti mdogo Lyanna, ukoo mzima umeisha usiku ule. Yule binti alivyobanwa mbavu na lile jitu mfu na bado akalichoma jicho, ile sauti ya mifupa mimi siwezi kuisikiliza tena.

dogo_wa_piano
Hamjataja muziki. Dakika za mwisho zote kelele za mapanga zinaondolewa inaingia piano ya Ramin Djawadi, muziki wa karibu dakika tisa. Watu walipoisikia ile piano walijua wamekwisha maana mara ya mwisho piano kutumika vile ilikuwa mwisho wa sizoni ya 6 Cersei anailipua Sept, ile nyumba yao ya ibada, na pale walikufa karibu wote. Mimi nilikuwa nimeshakubali kwamba Bran anakufa. Djawadi alipata Emmy kwa episodi hii na aliistahili.

Msomaji wa Usiku
Nyota, hoja ya kisu ni nzuri ila nikuongezee kitu kitakachokutesa. Ile tamthilia ya House of the Dragon, inayosimulia miaka ya nyuma, ilipoanza 2022, mfalme Viserys Targaryen anamwonesha binti yake Rhaenyra kisu, kile kile, anakiweka kwenye moto na maandishi yanatokea kwenye chuma, kwamba kutoka kwenye damu ya Aegon, mfalme wa kwanza wa Targaryen, atatoka mwanamfalme aliyeahidiwa. Kwahiyo kisu kilichomuua Night King kilikuwa kimeandikwa unabii wa Night King mwenyewe, na Arya alikuwa amekishika hajui.

Ila sasa unabii unasema damu ya Targaryen. Arya ni Stark. Jon ndo Targaryen, jina lake la kuzaliwa lenyewe ni Aegon. Kwahiyo hapo Mlinzi hajakosea kuhisi kuna kitu kimekaa upande. Mimi nasoma hivi, unabii haukusema mwanamfalme huyo atachoma kisu. Aliyewakusanya wote ni Jon. Aliyewavusha watu wa nje ya Ukuta ni Jon, aliyekwenda Dragonstone kuomba yale mawe meusi yanayoua wafu ni Jon, aliyemleta Daenerys na majoka ni Jon. Bila hayo Arya hana hata pa kurukia. Na kwenye vitabu mpaka vilipofikia hakuna mfalme wa wafu anayeongoza jeshi kama huyu, huyu ametengenezwa na watu wa tv, kwahiyo walikuwa na uhuru wa kummaliza walivyotaka.

NyotaYaAlfajiri
Msomaji asante, hiyo ya damu nitaifikiria. Ila na Melisandre msimsahau, sizoni ya 3 alimwangalia Arya akamwambia ataona macho mengi atakayoyafunga milele, ya kahawia, ya bluu, ya kijani. Na usiku wa vita anamrudia anayataja tena, safari hii bluu ameiweka mwisho. Arya akaelewa akaondoka mbio. Hiyo ilikuwa 2013!

Mlinzi wa Ukuta
Dada Nyota hapo hapo ndo nakukamata kwa heshima zote. Watunzi wenyewe baada ya episodi walisema walijua kwamba ni Arya kwa kama miaka mitatu hivi. Toa mitatu kwenye 2019 unapata 2016. Maneno ya macho ni ya 2013. Kwahiyo wakati Melisandre anayasema hakuna aliyejua kwamba bluu ni Night King, wao walirudi nyuma wakaokota kitu kilichokuwepo wakakishona. Sio vibaya, mafundi hushona hivyo, ila usiniambie kilipandwa.

Alafu hoja yako ya Jon kwamba anaonekana na Arya haonekani, hiyo imenipiga kweli. Sikuwahi kuifikiria. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

NyotaYaAlfajiri
Haya ya miaka mitatu nimekubali. Ila kisu chenyewe, na kile kitendo cha kuachia na kudaka, hivyo vya sizoni ya 7 ni 2017, hivyo vilipandwa kwa makusudi. Usinipokonye vyote kaka.

Mlinzi wa Ukuta
Sikupokonyi dada yangu, hivyo ni vyako.

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimefanya kila kitu alichoelekeza fundi, nimezima ile ya kuokoa umeme (ilikuwa imewashwa tangu nimenunua tv, sikujua hata ipo), modi ya sinema, taa zote zimezimwa, nimetafuta kopi ya gb kadhaa ikala bando la wiki. Fundi, nimeona majoka. Pale yanapotoka juu ya mawingu kwenye mwezi, Drogon na Rhaegal, kimya kabisa, mimi 2019 ile sehemu niliona doa jeupe tu. Niliona Daenerys anammwagia moto Night King na moto unapungua na yeye amesimama anatabasamu. Nikaona wafu wanavyojilaza wenyewe kwenye ule mtaro wa moto mpaka wanakuwa daraja, wengine wanapita juu yao. Na maktaba, Arya amejificha chini ya meza, damu inadondoka kutoka kwenye kichwa chake tone moja moja na mfu anageuka kusikiliza lile tone. Hiyo nayo 2019 niliisikia tu.

Kwahiyo giza nimelisamehe. Narudisha maneno.

La pili sijalirudisha lote ila nimejua sasa linaniuma wapi. Sio Arya. Nimeangalia episodi ya 4 hapo hapo bila kulala. Wanachoma maiti, Jon anasema maneno mazuri, watu wanalia, alafu usiku wanaingia ukumbini wanakunywa, na baada ya hapo ni Cersei na kiti cha enzi. Hakuna anayekaa na kusema sisi tumeokoka kutoka kwenye nini. Yule jamaa alikuwa anataka nini, Bran alisema anataka kufuta kumbukumbu za dunia nzima, ule usiku mrefu wa miaka elfu nane iliyopita uliokuwa unahadithiwa kwa watoto ulikuwaje, hakuna anayeuliza tena. Sizoni ya 6 tulioneshwa alivyotengenezwa, ni mtu wa kawaida amefungwa kwenye mti mweupe kama ule ule akiwa analia, wanamsukumia jiwe jeusi kifuani. Na amekufa mbele ya mti mweupe. Alikuwa na hadithi huyu. Mimi nilitaka mtu mmoja tu mule ndani aihuzunikie au aiogope hata asubuhi moja zaidi. Hicho ndo nilichokosa, sio nani kashika kisu.

KijanaWaEastlands
Hapo umeongea. Wafu walikuwa wanakuja kwa sizoni saba na waliokufa wakasahaulika kwa dinner moja.

Mama Wawili
Mlinzi mwanangu, aliyebaki kuhuzunika ni Melisandre. Anatoka peke yake alfajiri, anavua ule mkufu unaomfanya aonekane kijana, anazeeka akitembea mpaka anaanguka kwenye theluji na jua linatoka. Huyo alijua wametoka kwenye nini. Davos, aliyekuwa ameapa kumuua, anamwangalia tu hata hakumgusa. Umeipita hiyo.

Mlinzi wa Ukuta
Kweli mama, niliipita. Shikamoo.

Kitu kimoja cha mwisho nimekiona kwa mara ya kwanza jana, sijui kama wenzangu mlikiona zamani. Kabla Arya hajatokea, Night King amefika mbele ya Bran, White Walkers wamesimama pembeni wametulia kama sanamu. Mmoja wao nywele zake zinapepea kidogo, upepo umempita, na anageuka kidogo sana. Hakuna upepo mwingine pale. Ni Arya ndo amempita. Nimerudisha nyuma mara nne. Nimempigia kaka yangu yuko Songea saa 6 usiku nikamwambia zima taa uitafute hiyo sehemu, kasema kesho anatafuta kopi nzuri.